Ushuhuda Ulioruka Vidonge

Maneno yalianzia kwa msusi, na msusi hakuwa mtu wa kusema jambo kwa sauti ndogo. Alikuwa akimsuka Chiriku, kichwa cha msichana huyo kimebanwa katikati ya magoti yake, aliposema kwamba yule dada mchoraji anayezunguka makanisani aliugua kifafa miaka na miaka, akaomba, akavitupa vidonge vyake vyote chooni, na tangu siku hiyo hajaanguka tena. Mteja aliyekuwa akisubiri zamu akauliza kama ameyaona hayo kwa macho yake. Msusi akajibu kwamba ameambiwa na mtu ambaye hana sababu ya kudanganya, kisha akakaza msuko kana kwamba huo ndio ushahidi.

Chiriku alitoka pale kichwa kinamuuma na maneno yale yamemganda. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake ulianza kazi kabla hajanawa uso. Lakini habari hii hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye pia alikuwa na kifafa. Alimeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na miezi kumi na minane ilikuwa imepita bila kuanguka hata mara moja. Vidonge ndivyo vilivyomchosha. Darasani walimwita Famasi. "Famasi, leo umefungua saa ngapi?" walimuuliza kila asubuhi, naye alicheka pamoja nao ili yaishe.

Jumapili alienda kanisani kwao mapema, maana dada huyo alikuwa amealikwa hapo kwa Jumapili mbili, akaketi mbele kabisa. Dada mchoraji alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani. Alichora huku akizungumza, kwa brashi pana ya kupaka rangi kuta, na rangi ilimchuruzika hadi kwenye viwiko bila yeye kujali. Alisimulia alivyoanguka jikoni akiwa mtoto, akachora jiko. Alisimulia mwalimu aliyemwambia asirudi shuleni kwa sababu anawatisha wenzake, akachora dawati tupu. Alisimulia mume aliyemrudisha kwa wazazi wake na sanduku lake, na akina mama wakafuta macho kwa pembe za kanga. Mwisho akachora mtu aliyesimama wima, rangi ya njano imemzunguka, akasema, "Nikamkabidhi Mungu ugonjwa wangu. Leo ni mwaka wa saba nimesimama."

Kanisa zima likapiga makofi. Chiriku alitega masikio kusikia habari ya vidonge. Hakusikia hata neno moja. Basi pale palipobaki kimya akapajaza mwenyewe kwa maneno ya msusi.

Kuanzia Jumatatu akaacha dawa.

Mama yake alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilijaa nguo za watu, zilizokunjwa upande mmoja na zilizotundikwa upande wa pili, na nyuma ya mlango lilining'inia koti la mteja aliyehama bila kulichukua. Chiriku alipopewa kidonge alikiweka chini ya ulimi, akanywa maji, akasema ahsante mama, kisha akapita nyuma ya mlango na kukitemea ndani ya mfuko wa koti. Siku ya kwanza aliogopa. Siku ya tatu alijiona mzima kuliko wenzake wote. Siku ya tano alianza kupanga namna atakavyosimama mbele ya kanisa na kutoa ushuhuda wake mwenyewe, na nguo atakayovaa.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kupewa kidonge, alikuwa akipiga pasi foronya. Kazi hiyo alikuwa ameruhusiwa mwezi uliopita tu, baada ya kuomba sana, kwa kuwa mama aliona muda umepita na mtoto yuko salama. Chiriku alikuwa akisimulia jambo la shuleni, akakatika katikati ya sentensi. Mama aliinua macho kwa sababu ya ule ukimya. Pasi ilikuwa imeanguka ubavu, na mtoto yuko sakafuni anatetemeka, mkono wake umegusa chuma cha moto.

Mama aliusukuma mkono ule mbali na pasi, akaondoa meza, akaweka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa cha mwanawe. Msusi, ambaye walipakana ukuta, alisikia kishindo akaja mbio na kijiko, anataka kukipitisha katikati ya meno.

"Weka kijiko chini, jirani," mama alimwambia. "Niondolee hiyo pasi, halafu uniangalizie saa, tujue ametetemeka dakika ngapi."

Mtetemeko ulipotulia, alimlaza mtoto ubavu na kubaki ameketi naye hapo chini.

Kule zahanati, muuguzi alisafisha kidonda, akakifunga, akauliza kama kuna dozi iliyorukwa. Mama akasema hapana, anampa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Chiriku akaangalia sakafu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikufanana na ya kwake, "Viko ndani ya koti."

Mama hakumpiga. Walipofika nyumbani aliingiza mkono mfukoni mwa lile koti, akatoa vidonge kumi, vingine vimeganda kwenye kitambaa. Akaketi kitandani navyo kiganjani. Alimwuliza nani amemfundisha jambo hili, na Chiriku akaeleza yote, kuanzia kwa msusi hadi kwenye lile shuka jeupe.

Kesho yake, kabla ibada haijaanza, mama alimshika mwanawe mkono mzima akampeleka chumba cha nyuma ya kanisa, ambako dada mchoraji alikuwa akikoroga rangi.

"Dada, ni wewe uliyewaambia watu watupe dawa?"

Mchoraji alimtazama yeye, kisha akautazama mkono uliofungwa bendeji. Alifungua mkoba wake, akatoa pakiti ya vidonge na kuiweka mezani. Chiriku aliitambua rangi yake mara moja. Vilikuwa vidonge vile vile anavyomeza yeye.

"Nimemeza leo asubuhi," mchoraji akasema. "Sijawahi kusema nimetupa."

"Hujasema umetupa," mama akajibu. "Wala hujasema unameza."

Mchoraji akakaa. Alieleza kwamba zamani alikuwa akitaja vidonge, lakini kila akifika hapo watu walipoa, na akisema maombi peke yake walisimama na kushangilia. Akaanza kuruka sehemu hiyo. Aliomba kwa kweli, na Mungu alimsaidia kwa kweli, na muuguzi mmoja mvumilivu naye alimsaidia. "Sikuongeza uongo," alisema polepole. "Nilipunguza ukweli. Na mtoto wako ndiye aliyeungua. Nisameheni, mama. Nisamehe na wewe, mwanangu."

Siku hiyo alisimulia upya. Baada ya jiko, dawati na sanduku, alichora dirisha la zahanati na mkono unaopokea dawa. Akainua pakiti ili watu wa nyuma waione. "Namwamini Mungu, na vidonge hivi navimeza kila siku," alisema. "Aliyenipa imani ndiye aliyempa daktari akili. Ukimkataa mmoja kwa jina la mwenzake, humheshimu yeyote. Juma lililopita niliwanyima habari hii, na nimekosa." Makofi hayakupigwa. Msusi, mstari wa tatu, alikuwa akichunguza kucha zake. Lakini ibada ilipokwisha, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsogelea mchoraji, akamwuliza kwa kunong'ona zahanati hiyo iko wapi na inafunguliwa siku gani.

Chiriku alirudi kwenye dawa zake, naye sasa humeza mbele ya mama na kuonyesha ulimi bila kuambiwa. Jioni ya Jumapili ile mama alimketisha na kalamu, akamwandikisha maneno haya, akayabandika ukutani:

Usiache dawa bila kumwuliza anayekutibu, hata maneno yakitoka kanisani.
Usifiche kidonge. Kikikushinda, sema.
Usikae peke yako na moto, pasi wala kisima kama unaanguka.
Usimtie aliyeanguka kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize.
Usimtanie mtu kwa ugonjwa wake.
Usibebe habari usiyoihakikisha.
Usitoe ushuhuda nusu.