Msimfungulie

Ndugu zangu wa mitaa yenye mageti, tulieni kidogo niwasimulie. Mtaa wetu ni mtulivu mno, ukipiga chafya jirani wa nyumba ya tatu angekuombea afya, kama angekuwepo. Lakini hayupo. Alfajiri magari hutoka moja baada ya jingine kwenda mjini, mabasi ya shule hubeba watoto, kisha hubaki ndege, mbwa na nyasi zilizokatwa vizuri. Raha hiyo ndiyo iliyotuhamishia huku.

Katika nyumba ya pembeni aliishi afisa wa bima, mkewe muuguzi, na binti yao mdogo. Afisa alikuwa mwana mwema, sitamsingizia. Baba yake alipofariki, alimtoa mama yake kichochoroni alikoshona nguo miaka mingi, akamwambia, "Mama, sasa pumzika." Kule kichochoroni mama huyo walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mteja aliyeleta suruali ipunguzwe aliondoka na habari za mtaa mzima. Kwetu Redio akakosa msikilizaji.

Alipewa chumba kizuri chenye dirisha la bustanini na televisheni pana kama mlango. Yeye alitaka mtu.

Asubuhi moja alimwahi mlangoni mwanawe huyo, kitindamimba wake, mkononi ana sketi ya shule ya mjukuu iliyofumuka upindo.

"Kitinda wangu, hebu nitungie uzi. Macho yangu hayalioni tena tundu la sindano."

"Jioni, mama. Foleni itanikamata."

"Ni uzi tu, baba."

"Jioni. Naahidi."

Hata jana yake aliambiwa jioni, na juzi vilevile. Jioni zenyewe afisa alirudi hoi, akala huku macho yako kwenye simu, akalala. Mama alitamani kusikia sauti ya mwanawe, na mwana yuko chumba cha pili! Jamani, kuna umbali kuliko huo?

Siku hiyo akaona basi, atatafuta macho ya jirani. Akatoka na sindano yake, akapita geti hadi geti. "Hodi! Hodi wenyewe!" Kimya. Kengele zenye kamera tu ndizo zilizomwona. Mwalimu mmoja aliyekuwa kazini mjini alipata picha kwenye simu yake, akaituma kwenye kundi la wakazi: "Majirani, kuna bibi anagonga mageti. Ameshika kitu kinachometameta. Kuna anayemfahamu?"

Afisa alikuwa kikaoni. Hakuifungua picha. Alisoma maneno tu, akawa wa kwanza kujibu: "Msimfungulie! Wezi siku hizi hutanguliza wazee. Mlinzi amtoe nje ya kizuizi cha kuingilia mtaani." Majirani wakamshukuru kwa vidole gumba.

Mlinzi alikuwa mgeni kazini.

"Bibi, unaishi nyumba namba ngapi?"

"Namba? Mimi naishi kwa mwanangu."

"Mwanao nani?"

"Kitinda."

"Hapa hatuna Kitinda, bibi. Tuna namba."

Akamtoa kwa adabu, akampiga picha na kuituma kundini, wakazi waone kazi imefanyika. Hiyo ndiyo picha aliyoifungua afisa. Mama yake alikuwa amesimama kando ya barabara kuu, juani, ameshika sindano yake na uzi usiotungwa.

Foleni haina huruma na mtu anayelia. Afisa alipofika, alimkuta mama ameketi juu ya jiwe karibu na kibanda cha mlinzi, midomo imemkauka.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeandika wakutoe."

Mama alimtazama sana.

"Sijakasirika, baba. Lakini huyu mlinzi leo kaongea na mimi kuliko wewe mwezi mzima. Nipeleke kwa dada yako."

"Kwa dada wamebanana, mama. Kelele tupu!"

"Ndizo ninazozitaka."

Akampeleka. Jumapili iliyopita nilikuwa nimemtembelea afisa, tumeketi kwenye chumba kile cha bustanini, naye akampigia mama yake. Nilisikia yote. Kule kulikuwa na cherehani, watoto, na mtu anacheka mpaka anakohoa.

"Mama, nimekukumbuka. Tuongee kidogo tu."

"Hata mimi nimekukumbuka, mwanangu. Ila nina watu hapa. Wakiondoka nitakutafuta."

Simu ikakatika. Afisa akabaki ameishika, machozi yanamlengalenga.

FUNZO

Mzazi si kabati, useme umempatia mahali pazuri pa kukaa. Ukimleta nyumbani kwako, mjulishe kwa majirani, keti naye, mpe muda wako wakati bado anauomba. Sisi wa mitaa mitulivu tunajua kuulinda ukimya kuliko kuwalinda watu waliomo ndani yake. Unayemwahirisha kila siku hujifunza kuishi bila wewe, na akishajifunza, utamtamani wewe.