Hapa Hakuna Kiti

King'amuzi kilikuwa cha moto kabla hakijachomekwa kwenye umeme. Winfrida alikitoa ndani ya boksi, akakivua mfuko wake wa nailoni, na mara akakitua mezani kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Jua la njiani," alisema mumewe, Nehemia.

"Jua gani? Nimekifunika kwa khanga tangu mjini."

Nehemia hakukitaka tangu mwanzo. Dukani kwa Martini, karibu na stesheni ya Kigoma, mume na mke walikuwa wamebishana mpaka wateja wengine wakaacha shughuli zao kuwasikiliza. Nehemia alitaka kile kidogo cha antena, kinachonasa chaneli chache za nyumbani, basi. Martini, muuzaji ambaye pia ni fundi, alikuwa akisifia kile kikubwa kinachorekodi vipindi na kulisha televisheni mbili kwa pamoja. Winfrida aliwaacha wamalize, kisha akauliza maswali yake. Umeme wa Ujiji hupanda na kushuka kama homa, kipi kitauvumilia? Mvua ikipiga ziwani, kipi hakitagandisha picha? Kipi kina taarifa ya habari, mpira wa Nehemia na vipindi vya masomo kwa binti yao Happiness, bila kumlipisha mtu msururu wa chaneli za lugha asizozijua? Martini alikuna kidevu, akanyoosha mkono kwenye rafu ya katikati, akashusha kisanduku cheusi chembamba, cha dishi.

"Basi hiki, mama. Si cha kujionyesha, wala si cha kujutia."

"Hicho hicho," alisema Winfrida. "Na nimekichagua mimi. Kikileta shida, mnilaumu mimi."

Walimlaumu kweli.

Nyumba yao ya Ujiji ilikuwa ya marehemu mama yake Nehemia, Bibi Marcelina, aliyefariki masika yaliyopita. Bati lake lilikuwa limechoka, lisingeweza kubeba dishi kwenye upepo wa ziwani. Martini alizunguka uani akitafuta mahali penye uwazi wa kutazama magharibi, juu ya maji na milima ya Kongo, akapapata nyuma ya jiko. Palikuwa na jiwe bapa, jeusi, ambalo bibi alizoea kulikalia jioni. "Hili hata tetemeko halilitikisi," alisema, akalitoboa kwa drili ili akaze nati zake. Vumbi lililotoka lilinukia udi. Martini alinusa vidole vyake, akamtazama Winfrida, akacheka kicheko kifupi, akaendelea na kazi.

Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Picha ilikuwa safi, na Nehemia, yule aliyekikataa, ndiye alikuwa wa kwanza kushika rimoti. Kisha jioni moja msomaji wa habari alikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, chenye mluzi mwishoni, na midomo ya yule msomaji haikuwa imekatiza kusoma. Nehemia alibadilisha chaneli haraka. Kwenye mpira nako, katikati ya kelele za mashabiki, kikohozi kile kile.

Happiness peke yake, binti wa kidato cha pili, ndiye aliyetabasamu.

"Mmemsikia bibi?"

Tangu jioni ile nyumba ilianza kubadilika harufu. Winfrida alikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, boti zinakoshusha samaki, na nyumba ya muuza dagaa hunuka dagaa. Hakuwahi kulionea haya jambo hilo, ndilo lililosomesha mtoto. Sasa akifungua mlango alipokewa na udi na marashi ya waridi, harufu ya sebule ya mtu mwingine. Happiness aliacha kula samaki. Akaanza kuketi kwa kukunja miguu upande, kichwa amekifunika, kama bibi mzee. Akiulizwa, alisema hajambo.

Alasiri moja Winfrida alirudi mapema. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Alipokuwa akivua ndala mlangoni alisikia mwanamume akizungumza sebuleni, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na kwanza akadhani ni mgeni, kisha akadhani ni redio ya betri, kisha akakumbuka kwamba hawakuwa na redio ya betri, na akasukuma pazia polepole akamwona mwanawe ameketi sakafuni mbele ya televisheni iliyowaka mwanga wa kahawia usio na picha, mwanga kama wa maji ya kina, na waya wa umeme wa king'amuzi ukining'inia pembeni ya meza, haujachomekwa popote.

"Sogea," sauti ilikuwa ikisema. "Sogea, kiti changu. Bibi yako alinibeba. Mama yake alinibeba kabla yake, tangu misafara ya pwani iliponiacha hapa. Hujachoka kuwa mtoto?"

"Lebeka," alijibu Happiness, itiko la kizamani la kumwitikia bwana, ambalo hakuna aliyemfundisha.

Winfrida aliruka, akaung'oa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. "Njoo, kiti ch..." Sauti ilikatika katikati ya neno. Halafu kinywa cha mtoto wake kikafunguka, kikamalizia neno lile lile, kwa sauti ile ile nene ya kiume.

"...angu," kilisema, na macho ya Happiness yalikuwa meupe.

Tundu la waya Winfrida hakuliona; alilitafuta kwa kidole kama kipofu, akauchomeka tena. Sauti ikarudi kwenye kisanduku, ikicheka. Happiness alilala ubavu palepale sakafuni, akalia kilio cha mtoto mdogo.

Winfrida alimpakata. Alikuwa ameona jambo, na hakulisahau.

Nehemia alimwita mama yake mdogo, Restituta, kutoka Mwandiga, mdogo wa marehemu, naye alifika na mganga wa kutoka Kalinzi aliyeitwa Mzee Castory. Mama mdogo alipovuka kizingiti tu na kuipata ile harufu, alijifunika uso kwa kitenge.

"Ndiye," alimnong'oneza Nehemia. "Mwana wanje, mwanangu, ndiye yuleyule."

"Shikamoo, Mama Mdogo," alisema Winfrida. "Kwa hiyo mlijua."

"Marahaba. Punguza sauti, Mama Hepi, anasikia. Dada alikuwa kiti chake. Alimlisha pale kwenye jiwe, halua, asali, ubani. Alipokufa hakuna aliyeendelea."

"Na mimi hamkuniambia?"

"Wewe si wa ukoo. Wewe ni wa kuja."

"Nimemwuguza mama mkwe mpaka akakata roho mikononi mwangu. Bado ni wa kuja?"

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Mzee Castory ndiye aliyesema, kwa upole, kama mtu anayepatanisha majirani. Jini la kurithi halifukuzwi, alisema. Hupewa heshima yake. Mtoto avalishwe nguo nyekundu, achinjiwe beberu mweusi, alishwe pale jiweni, na nyumba itatulia. Tena atapata jina. Wagonjwa watamfuata kutoka hata ng'ambo ya Burundi.

"Na shule?" aliuliza Winfrida.

"Kiti hakisomi, mama. Kiti hukaliwa."

Nehemia alikuwa akitazama sakafu. "Lile dude ndilo lililomwamsha," alisema hatimaye. "Ungesikiliza tangu dukani. Tukalitupe ziwani, yaishe."

"Ukilitupa, atasemea wapi?" Winfrida alimgeukia. "Mimi nimeona atakaposemea. Nilitoa waya mmoja tu akahamia kinywani mwa mwanangu. Hicho kisanduku unachokilaumu ndicho kinachomkinga." Kisha akamrudia mganga. "Mzee Castory, huyu anafungwa hapa na nini?"

"Na jiwe. Ndilo gati lake."

"Linang'oka?"

"Akiwa ndani yake halinyanyuki, hata mje kijiji kizima. Na akitoka ndani yake anakuwa ndani ya mtu."

"Au ndani ya king'amuzi," alisema Winfrida.

Mzee Castory alikuwa ametibu watu wengi, lakini hilo hakuwahi kuulizwa.

Walikubaliana Winfrida amvute jini kwenye kisanduku, wanaume wang'oe jiwe likiwa tupu; wakafanya hivyo kesho yake, jua likielekea kuzama. Nehemia alisimama jiweni na mtaimbo, pamoja na Martini, ambaye alipoelezwa alitaka kukimbia, kisha akasema yeye ndiye aliyelitoboa na yeye ndiye atakayelifungua. Waliliondoa dishi kwenye nati zake, wakaliegemeza ukutani, waya wake bado umeungwa. Mzee Castory alichoma ubani langoni, hakukubali kusogea zaidi. Winfrida aliingia sebuleni na Happiness, akamketisha kwenye mkeka nyuma ya mgongo wake, akavuta kigoda, akaketi yeye mwenyewe mbele ya televisheni, magoti yakigusa meza.

"Haya," alisema. "Mwenye nyumba nipo. Sema na mimi."

Mwanga wa kahawia uliwaka. Kwanza ikaja sauti ya Bibi Marcelina, dhaifu, ya siku zake za mwisho. "Winfrida, mwanangu, nina njaa. Hakuna anayenikumbuka."

"Mama nilimlisha kwa kijiko mpaka mwisho, hakuondoka na njaa," alisema Winfrida. "Acha sauti ya watu. Tumia yako."

Sauti nene ilikuja kutoka chini sana, na vikombe kabatini vikaanza kugongana. Ilimtajia vitoto vyake viwili vilivyokufa kabla ya Happiness, majina ambayo yeye na Nehemia walikuwa hawayatamki tena, ikamwambia kwamba huyu wa tatu ilimhifadhi yenyewe, kwa ajili yake yenyewe, na kwamba mwanamke wa kuja hana haki juu ya kilichokuwa cha ukoo tangu enzi za pembe za ndovu. Jasho lilimtiririka Winfrida shingoni. Nje alisikia chuma kikigonga mawe, na Nehemia akihema.

"Umemaliza?" alisema, na sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Basi sikiliza. Wanangu walikufa kwa malaria, si kwa ajili yako. Huyu amekua kwa dagaa niliowaanika mimi juani mpaka mikono ikachunika. Wewe umemlisha nini? Umekaa kwenye jiwe kusubiri halua. Mzee mzima!"

Kisanduku kilinguruma. Plastiki yake ilianza kulainika, moshi mwembamba wenye harufu ya waridi ukapanda, na wakati ule ule jiwe lilinyanyuka uani kwa mlio kama wa jino linalotoka kwenye ufizi, Nehemia akapiga kelele, "Limetoka!", na jini akajua, kwa maana chumba kizima kilivuta pumzi, mapazia yakaelekea ndani, bati likalia juu yao, na nyuma ya mgongo wake Winfrida alimsikia mwanawe akiinuka juu ya mkeka, polepole, nguo zikichakacha, kinywa kikianza lile neno, "Le...", naye akageuka akamkumbatia akamziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya samaki, akambana kifuani kwa nguvu zote za mwanamke anayebeba magunia, na joto lile likampiga mgongoni, likamzunguka, likitafuta pa kupenya, masikioni, kwapani, kati ya vidole, wala hakulegeza.

"Hapa hakuna kiti!" alipiga kelele. "Umesikia? Huyu ana miguu, atasimama! Hakuna kiti hapa! Niite jina langu, Happiness. Niite mimi!"

Chini ya kiganja chake midomo ilihangaika. Alikilegeza kidogo tu.

"Mama," alisema Happiness. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya kukwaruza.

Winfrida alinyoosha mguu, akaupiga teke waya wa dishi, ukachomoka. Ndani ya king'amuzi kitu kiligonga huku na huku, kama panya ndani ya debe. Kilipiga yowe moja, la kizee, la mwenye nyumba aliyefungiwa nje. Kisanduku kikapasuka katikati. Harufu ya waridi ikakatika, na sebule ikanuka dagaa.

Hawakungoja giza. Nehemia na Martini walilibeba jiwe kwa machela ya miti mpaka ufukweni, wakalipakia kwenye boti pamoja na vipande vya king'amuzi, wakaenda mbali, pale ambapo hakuna mvuvi aliyewahi kugusa chini kwa kamba. Jiwe lilipoachwa halikurusha maji. Lilizama tu, Nehemia alisimulia, kama mtu aliyeamua kuondoka kwa hasira.

Happiness alilala siku nzima. Alipoamka aliomba ugali na dagaa, akala mpaka mama yake akalazimika kuondoka jikoni ili asionekane akilia. Mama mdogo Restituta aliomba radhi, na safari hii alimwita Winfrida mwanangu. Nehemia hakutaja tena lile dude. Muhula ulipofunguliwa binti alirudi darasani, na Mzee Castory, ambaye hakuwa mtu wa husuda, alisema huko Kalinzi kwamba kazi ile haikuwa yake.

Mwaka ulikuwa unaelekea kwisha Winfrida alipopeleka dagaa kwenye mgahawa mmoja karibu na bandari. Mwenye mgahawa alimkaribisha chai. Televisheni ilikuwa ukutani, juu ya kaunta, ikionyesha hali ya hewa. Wateja walikuwa wakila na kuzungumza. Yule mtangazaji wa kike alitaja mawimbi ya ziwani, akanyamaza, akageuza macho yake kutoka kwenye ramani, akamtazama Winfrida moja kwa moja. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke.

"Mke wa Nehemia. Binti hajambo?"

Hakuna mwingine aliyeinua kichwa. Winfrida aliishika bilauri ya chai kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akameza bila haraka, akaiweka chini.

"Hajambo," alisema. "Yuko shule. Na wewe utabaki kuuliza."