Jibu la Dirishani

Kila asubuhi Wacuka alipika uji huku babake, Ngige, akipasha moto pikapu yao ya milango minne. Jumamosi hiyo uji uliungua, moshi ukajaa jikoni, naye akaendelea tu kukoroga.

"Wewe, pua umemwazima nani?" kakake, Waithaka, alimcheka. "Uji unanuka mpaka kwa jirani, na wewe uko hapo tu."

Wacuka alinusa kitunguu. Hakusikia kitu. Redio ilikuwa imetaja dalili hiyo ya korona mara nyingi, lakini alinyamaza. Siku hiyo yeye, kakake na wazazi wao walikuwa wakienda Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, kwa Kukhu Edinah, nyanya aliyemzaa mamake. Hakuwa amemwona tangu shule zifungwe.

Katika kituo kimoja nje ya mji wa Kitale, watu walipimwa wakiwa ndani ya magari. Wenye dalili walielekezwa kushoto, wakatolewa sampuli puani, kisha wakarudi nyumbani kujitenga wiki mbili wakingoja majibu. Wengine walipimwa joto tu, wakapita kulia. Foleni ilisonga upesi, lakini kila abiria alijijibia mwenyewe. Ngige alipoanza kusema kwamba wote ni wazima, muuguzi Chesang alimkatiza kwa upole, akaja dirisha la nyuma.

"Mrembo, unakohoa? Unasikia harufu vizuri?"

Wacuka alitazama mstari wa kushoto. Huo ungemrudisha nyumbani.

"Niko sawa," akasema. Hata kipimajoto hakikuonyesha homa. Wakapita.

Kule Mabanga, majirani walikuja kula nao. Kukhu alimkalisha Wacuka kando yake, wakala ugali wa wimbi katika sahani moja. Alimega tonge, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe.

Kabla wiki mbili hazijaisha, Kukhu alifariki hospitalini kwa korona. Mama, Dinah, alikuwa ameanza kukohoa, kwa hivyo hakuruhusiwa kumzika mamake. Aliketi sakafuni, leso mdomoni, akilia bila sauti. Wacuka alimtazama kutoka mlangoni.

Kesho yake familia ilirudi kituoni kupimwa. Chesang alipofika dirisha la nyuma, Wacuka hakungoja swali.

"Nilikudanganya. Siku ile sikuwa nasikia harufu. Nilitaka kumwona Kukhu."

Mama aligeuka. Alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akamshika goti, wakalia wote wawili.

Chesang aliuliza ni nani wengine waliokula nao Mabanga, akawapigia simu wenzake wa Bungoma. Majirani watatu walipatikana kabla hawajazidiwa, wakatibiwa, wakapona. Kwa Kukhu, simu hiyo ilikuwa imechelewa.

Kabla pikapu haijaondoka, Chesang aliinama tena dirishani.

"Mwanangu, kipimajoto hakioni kila kitu. Mengine unayajua wewe peke yako, nasi tunategemea jibu lako. Ungesema ukweli siku ile, ningekurudisha nyumbani ukilia. Ungelia wiki mbili, kisha ungeenda kumwona."