Uzito Juu ya Boriti ya Kwaya

Kompyuta haina adabu, lakini haisemi uongo. Hivyo ndivyo Injinia Ainembabazi alivyoamini mpaka boriti ya kanisa la Isingiro ilipoanza kumchezea. Asubuhi programu ya hesabu za ujenzi ilisema boriti ile ya chuma inatosha kubeba mzigo wake. Alipotoka kunywa chai na kurudi, ikasema haitoshi, wala hakuna aliyegusa kitu. Ofisini kwao Kayanga walikuwa wawili tu, yeye na Clavery mchoraji, na Clavery alikuwa amesinzia mdomo wazi.

Kamati ya kanisa ilitaka roshani ya kwaya ipanuliwe, ndiyo maana boriti iliyokwisha kusimikwa ikahesabiwa upya. Mama yake Ainembabazi, Eugenia, aliimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo, mstari wa mbele kabisa. Ainembabazi hakuweza kusema potelea mbali.

Wakatafuta kosa. Labda uzito wa chuma chenyewe umehesabiwa mara mbili. Labda sehemu ya boriti isiyoshikizwa pembeni imeandikwa ndefu mno. Labda kompyuta ya Clavery ina programu ya zamani. Wakasahihisha yote, na majibu yakazidi kutangatanga. Mwishowe Clavery akajumlisha uzito unaofika kwenye nguzo, akakuta ni mwingi kuliko ule waliouingiza juu ya boriti katika hesabu. Tofauti ilikuwa uzito wa mtu mzima. Walipoendesha hesabu tena ikawa ya watu wawili, na chumbani kukanuka udongo uliotoka kuchimbwa.

"Injinia," Clavery akanong'ona, "kile kiwanja si kibanja cha marehemu Rwezaura?"

Ndicho, shamba la nyumbani la ukoo ule, na makaburi yao humo. Watoto wake walikiuza wakiapa kwamba makaburi yamehamishwa. Siku ya kupima, Ainembabazi aliona miramura, miti ambayo kwao hupandwa penye kaburi, bado imesimama kando ya migomba. Aliuliza, akajibiwa, akataka kuamini. Nguzo zikasimama palepale. Sasa alijiona mpumbavu, tena mpumbavu mwenye shahada.

Akaomba ujenzi usimame. Kamati ikamjibu kwamba askofu ameshaalikwa. Mchungaji akaitwa, akaomba, akakemea, akaamuru kila kilichomo kiondoke. Jioni ile programu ikaonyesha uzito wa ukoo mzima.

Basi akaenda Isingiro mwenyewe, mchana wa jua kali, mafundi wakiwa wamekwenda kula. Alisimama chini ya boriti akasikia chuma kikiguna, taratibu, kama kitanda cha kamba mtu mzito anapogeuka, kisha kikaguna upande wa pili, na harufu ya udongo ikamjia puani pamoja na ya majani ya migomba yaliyooza na ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi, na ingawa hapakuwa na upepo vumbi la kutu likaanza kumdondokea begani, hapa, kisha pale, kisha pale tena, kana kwamba huko juu watu walikuwa wakisogezana ili mwingine apate pa kukaa. Kukemea hakuthubutu. Akapiga magoti kama binti anayesalimia wakubwa, akasema kwa Kinyambo, kwa upole, vile alivyolelewa kusema na wazee:

"Wazee wetu, hapa si pa kukaa. Twendeni nyumbani."

Chuma kikanyamaza.

Ofisini, boriti ikatosha. Ikatosha kwenye kompyuta zote mbili, kila walipojaribu, bila hata kilo moja ya ziada. Clavery akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ainembabazi naye akacheka, akaweka sahihi kwenye hesabu. Wino haujakauka, simu yake ikaita. Alikuwa mama, akiongea chinichini kama mtu mwenye watu sebuleni.

"Mwanangu, mbona hukuniambia? Wageni wako wamefika."

"Wageni gani, mama?"

"Siwajui. Wanasema umewaita nyumbani. Wamepanda darini wote, hawataki kushuka wale. Na bado wanakuja."

Ainembabazi alishika meza. Nyumbani kwa nani alikokuwa amesema? Hakutaja. Na yeye nyumbani alikuwa na kumoja tu, kwa mama.

"Mama, toka nje. Toka sasa hivi."

"Nitawaachaje wageni peke yao?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka.

Nyumba ile haikuwa na boriti ya chuma. Paa lake lilishikwa na miti ya mikaratusi, na Ainembabazi, simu ikiwa sikioni, aliisikia ikianza kuguna.