Kanda ya Sauti Moja

Rafiki yangu fundi saa, kwa michezo ya zamani ya redio humwambii kitu. Akisikia kuna kanda mahali, hufunga duka akaifuata. Haya yalimkuta mchana kweupe, na sijawahi kumjua kwa uongo.

Alikwenda kwa bibi mmoja aliyewahi kuwa mwigizaji. Bibi akamwingiza stoo, chumba kisicho na dirisha, taa yake imeungua.

"Kanda ndiyo hii, mwanangu. Tuliigiza mimi na marehemu mume wangu. Sauti yake imefutika, sijui vipi, imebaki yangu tu. Ukiweza kumrudisha, ichukue."

Akafunga mlango ili kelele za barabarani zisiingie. Giza likawa totoro. Rafiki yangu akapapasa redio ya kaseti mezani, akatia kanda, akabonyeza.

Kanda ikakwaruza. Sauti ya msichana ikauliza jambo, ikanyamaza, kisha ikacheka kama aliyejibiwa. Kila penye kimya, bibi alinong'ona maneno ya mumewe. Alikuwa ameyahifadhi yote.

Mara yule msichana wa kwenye kanda akasema, "Mume wangu, mbona mgeni wetu amesimama?"



"Bibi, hayo nayo yamo kwenye mchezo?" rafiki yangu akauliza.

"Hayamo, mwanangu." Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya baridi.

Kanda ikaendelea kukwaruza. Nyuma yao, gizani, kiti kikaburuzwa sakafuni polepole, kikaja, kikaja, hadi kikamgusa rafiki yangu nyuma ya magoti.