Gurudumu la Kushoto la Anguyo

Haya yalimpata rafiki yangu Anguyo, dereva wa pikapu, kiangazi cha 1974. Akitoka Koboko kupeleka tumbaku Arua, alikuta watu wakisukuma maiti juu ya baiskeli kwenda kuizika. Kwetu dereva huzima injini, akashuka, akangoja wapite. Anguyo alipiga honi, akazungukia majanini, akawapita.

Tangu hapo, kila akikata kona, gurudumu la mbele la kushoto lilikwaruza: kwaruu, kwaruu.

Huko Arua fundi Jacques, Mkongomani, alipiga jeki, akafungua gurudumu, akaingia na tochi kwenye giza la chini ya gari. Beringi nzima. Breki nzima.

"Kata usukani," alimwambia Anguyo aliyekaa ndani ya gari.

Kwaruu.

"Hii si sauti ya gari. Iko kama jembe inachimba udongo. Njiani ulikosea mutu?"

"Hapana," Anguyo alijibu, uso ukimwaka kwa aibu.

Akaachia usukani, lakini sauti haikukoma. Jacques alitambaa nje, akamulika pale gurudumu lilipokuwa. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Hata hivyo kulikuwa na kilima kidogo cha udongo mwekundu, mbichi, na kwa kila kwaruu kilizidi kuinuka.