Mnyoosha Mistari

Pazia lilizidi. Mama Chiriku alilishona mwenyewe, akalipima dirisha mara mbili kama fundi yeyote mwenye akili timamu, na kwa miezi minane lilikaa pale bila ugomvi. Jumamosi hiyo asubuhi alikuta limelala juu ya ukuta shubiri nzima kila upande. Akavua futi shingoni, akapima. Pazia lilikuwa vilevile. Dirisha ndilo lililopungua.

Alicheka, maana angefanya nini? Alijiambia macho yamechoka, akarudi kwenye cherehani. Bintiye wa miaka sita, ambaye hata shangazi zake walikuwa wamesahau jina lake kwa jinsi alivyozoeleka kuitwa Chiriku, alikuwa chini ya meza akimsimulia mwanasesere habari zisizo na kichwa wala miguu. Baba mtu ni dereva wa masafa marefu, mwezi mzima yuko barabarani. Lakini kwa maneno ya mtoto huyo, nyumba haikuwahi kuwa kimya.

Alianza kuchora ili kupumzisha mgongo. Alijiunga na kundi la mtandaoni la watu mia na kidogo wanaojifunza rangi, chini ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuandika mabango, ambaye wote walimwita Mwalimu. Kila Ijumaa mtu alipiga picha alichochora, akakiweka kundini. Mwenzake aliyeona kosa alilisahihisha kwa mstari mwekundu juu ya picha hiyohiyo, akairudisha. Hapo hakuna kubishana. Unaandika "nimekubali", kisha unachora upya kama ulivyoelekezwa. Mwalimu alikuwa akisema mwanafunzi anayebishana na kalamu nyekundu ni sawa na mgonjwa anayebishana na kipimajoto.

Mama Chiriku alichora alichokiona, yaani chumba chake: kabati, cherehani, dirisha, mlango wa kutokea ngazini, na mtoto sakafuni. Ijumaa ile, siku moja kabla pazia halijazidi, mtu aliyejiita Mnyoosha Mistari, asiye na sura wala salamu, alimrudishia masahihisho. Dirisha ni pana mno, aliandika, linauvuruga ukuta. Mama Chiriku alikubali, akachora upya, na kweli picha ikapendeza, watu wakampongeza mpaka akaona haya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wiki iliyofuata Mnyoosha Mistari aliposema dirisha liondoke kabisa, alikubali kabla chai yake haijapoa.

Asubuhi yake alivuta pazia, akakuta ukuta. Haukuwa ukuta mpya. Ulikuwa na rangi ileile iliyobabuka ya miaka yote, kana kwamba hapo hapajawahi kupita hata upepo. Chumba kilinuka karatasi iliyolowa. Nyundo ya fundi viatu wa ghorofa ya chini ilisikika kama kawaida, na Chiriku akauliza dirisha limekwenda wapi. Mama yake alijibu kwamba limeharibika, akaona jibu hilo ni la kipumbavu hata kwa mtoto.

Alimpigia Mwalimu kwa sauti ya chini, mgongo ameugeuzia meza.

"Mwalimu, huyu Mnyoosha Mistari ni nani?"

Mzee alijibu: "Mimi ndiye niliyetaka kukuuliza. Wiki mbili hizi unaandika 'nimekubali', na hakuna aliyekusahihisha. Tulidhani unajisemea tu."

Mama Chiriku akamsomea maneno yote. Mzee akauliza huo mstari mwekundu ukoje, una mtetemo wowote? Hauna, alijibiwa, umenyooka mwanzo hadi mwisho.

"Nimepiga mistari miaka arobaini, mwanangu. Mkono wa binadamu haunyooki hivyo. Hilo ni jini. Mchukue mtoto mtoke sasa hivi, na lile neno usiliandike tena."

Aliiacha simu mezani, akaenda kabatini kuchukua nguo mbili tatu za mtoto. Hakuchukua hata dakika mbili. Nyuma yake alimsikia Chiriku akiongea, na kwa kuwa Chiriku huongea daima, hakugeuka.

"Mama, yule mtu wako ametuma tena, kachora juu ya mlango," mtoto alisema. "Nimemrekodia ujumbe wa sauti. Nimemwambia mama amekubali. Nimesema vizuri?"

Adabu hiyo alimfundisha mwenyewe, kila Ijumaa, akiwa amempakata mbele ya simu.

Safari hii hata brashi haikuhitajika. Mlango haukuwepo. Mama Chiriku aliupiga ukuta kwa viganja, akaupiga kwa kigoda, akaita fundi viatu, akaita majirani, akaita jina la mumewe aliyekuwa mbali kiasi kile, akaita mpaka koo likakauka na mtoto akaanza kulia kwa kumwona yeye analia, na muda wote huo nyundo ya chini iliendelea kugonga soli taratibu, maana sauti za nje ziliingia humo ndani lakini za ndani hazikuwa na pa kutokea. Simu haikumpata Mwalimu wala mtu yeyote. Mazungumzo yaliyofunguka yalikuwa ya mmoja tu.

Watu wawili ni wengi kwa chumba kidogo, aliandika Mnyoosha Mistari. Mmoja mchore nje.

Aliuliza yupi. Akajibiwa achague.

Hapakuwa na la kuchagua; uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kilichomtia hofu ni mkono wake mwenyewe. Kabati alikuwa ameliweza, cherehani ameiweza, lakini watu walimshinda tangu siku ya kwanza, na Chiriku wa kwenye picha zake siku zote alikuwa furushi lenye vidole kama ndizi. Dirisha alilichora jembamba, likawa jembamba. Mtoto akimchora na vidole vinne, je?

Alitandika karatasi. Akachora ukuta, na nyuma ya ukuta akachora ngazi, kisha akamkalisha Chiriku kwenye kigoda na kumpima kwa futi kama anayemshonea gauni: bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo, kidole kimoja kimoja. Vipimo vya mwili huo alivijua kuliko alivyojua kusoma. Kazi ilikuwa uso, kwa kuwa mtoto hakutulia, midomo inacheza tu.

"Nikishakuwa nje, na wewe utakuja?"

"Nitakuja. Sasa funga mdomo, mama, usiutikise mpaka nimalize."

Akaufunga kwa juhudi zote, mashavu yamemvimba.

Picha ya kwanza ilirudi na mstari mwekundu: sikio la kushoto lishuke. Ya pili ilirudi: kidole cha mwisho kipungue. Kila mara jini lilisema kweli, na Mama Chiriku, Mungu amsamehe, alijikuta analishukuru. Ya tatu ilirudi bila mstari wowote. Akambusu mtoto utosini, akaandika lile neno.

Kigoda kikabaki kitupu.

Kisha, nyuma ya ukuta, akasikia ndara ndogo zikikwaruza ngazi, na kiganja kikipiga ukuta, pa, pa, pa. Alicheka huku machozi yanamtiririka.

"Chiriku! Uko salama? Niambie kitu, mwanangu."

Pa, pa, pa.

Akaitazama picha. Vidole kumi. Masikio sawasawa. Nywele, magoti, hata kovu la kiwikoni. Na midomo imefumbwa, imebanwa kabisa, kama alivyomwagiza. Alichovya brashi akajaribu kuifumbua, rangi ikateleza juu ya karatasi kama maji juu ya mafuta. Simu ikawaka: picha imekamilika. Hapo alijua kwamba kosa hili jini lililiona tangu mwanzo.

Kiganja kilichoka. Ndara zikashuka ngazi moja moja mpaka chini, na nyundo ikanyamaza.

"Chiriku, leo kulikoni, hata salamu hakuna?" ilikuja sauti ya fundi viatu. "Mama yako yuko wapi?"

Mama Chiriku alibandika sikio ukutani, akasubiri mtoto ajibu.